Naomba ushauri: mipira inabadilika presha kwa jua la Mombasa

Ndugu zangu, nasimamia timu ya vijana Likoni. Mipira naijaza upepo asubuhi ndani ya nyumba, geji inasoma 11 psi. Ikikaa kwenye buti ya gari hadi saa kumi alasiri, inakuwa migumu kama mawe. Kipa wetu, mtoto mdogo bado, analalamika viganja vinamuuma, na ukitia sindano tu upepo unachomoka kwa mluzi.

Hesabu naielewa: hewa iliyofungiwa ikipata joto, presha hupanda. Kutoka nyuzi 25 hadi 45, ile 11 hufika karibu 12.7. Sheria za soka zinaruhusu 8.5 hadi 15.6, kwa hivyo ni halali, lakini mtoto anaisikia tofauti hiyo mguuni. Kule Marekani, Januari 2015, ilizuka kesi ya kinyume chake: mipira ya New England Patriots, timu ya futiboli ya Kimarekani, ilipimwa ikakutwa chini ya 12.5, kiwango cha chini cha mchezo wao, wataalamu wakabishana kama ni baridi au ni mkono wa mtu.

Sasa, nikipunguza upepo mpira ukiwa moto, mvua ikinyesha jioni si utalegea? Nipime saa ngapi? Na geji gani ya bei nafuu haidanganyi? Mliozoea viwanja vya Pwani, tafadhali nisaidieni.