Naomba ushauri: goti la mama, tufanye upasuaji sasa au tusubiri?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Mama ana miaka 67, naishi naye Morogoro. Goti la kulia limesagika. Eksirei inaonyesha mifupa imegusana kabisa upande wa ndani, na mguu umeanza kupinda. Usiku namsikia akijigeuza, amelishika goti kwa mikono miwili. Tangu mwaka jana anaswalia kitini, na hilo linamuumiza kuliko maumivu yenyewe.

Tumejaribu dawa ya maumivu ya diklofenaki (daktari akaisimamisha sababu ya presha), fiziotherapia miezi minne, na sindano mbili za gotini. Kila sindano ilimpa nafuu ya wiki chache tu. Sasa tumeambiwa kilichobaki ni goti bandia, na kwamba mengi hudumu miaka 15 hadi 20, hata zaidi. Ila mama ana kisukari. Sukari isipotulia hatari ya maambukizi huongezeka, na yakifika kwenye goti bandia huenda akarudishwa tena chumba cha upasuaji. Hapo ndipo naogopa sana.

Hospitali binafsi tuliyoenda imetutajia milioni 18, mazoezi ya baadaye hayamo. Tuna milioni 11.

Naomba kujua mambo mawili. Waliofanyiwa MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili, Dar) au KCMC (hospitali ya rufaa Moshi), gharama zote zilifika ngapi, na bima ililipia goti bandia lenyewe au upasuaji tu? Na wenye mzazi mwenye kisukari: madaktari walitaka sukari ishuke hadi ngapi kwanza, na baada ya kupona aliweza kusujudu chini tena?