PS/2 ya duara, USB au Type-C? Tupeane uzoefu

Mzee_wa_Waya: Nimepekua boksi nikakutana na kibodi ya plagi ya duara ile ya zambarau, PS/2 ya enzi za kabla ya USB, nimekumbuka mbali jamani. Sasa nataka mazabodi mpya (bodi kuu ya kompyuta), kuna yenye PS/2 na kuna iliyojaa Type-C. Nyie mlichagua ipi na yapi yaliwakuta?

dogo_chipu: USB tu mzee, hiyo peleka makumbusho

Bisibisi: Dogo usiitukane PS/2. Niliitwa ofisi moja wanataka Windows 7 hiyohiyo maana programu yao ya mahesabu haikubali nyingine, na mashine ni mpya, poti zote USB 3.0. Naanza kuinstoli, nafika pale pa kuchagua lugha, mausi kimya, kibodi kimya, wakati kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijaanza, vilikuwa vinafanya kazi vizuri tu!! Kumbe Windows 7 ni ya 2009, draiva ya USB 3.0 (programu ya kuziendesha hizo poti) haimo kabisa. Bosi kasimama mgongoni kwangu, mikono kiunoni, kesho yake wanafunga hesabu. Nikaomba ufunguo wa stoo, nikafukua, chini ya printa mbovu nikaikuta kibodi ya duara imejaa vumbi, nikaichomeka, ikaitika. Kazi yote nimeimaliza kwa Tab na Enter, draiva zikaingia ndo USB zikafufuka

Mama_Sakiti: Yalinikuta hayohayo

Volti5: Ulichomeka mashine imewaka?? PS/2 haichomekwi hivyo, unaunguza poti

Bisibisi: Nani kakwambia imewaka? Nilizima

Volti5: Hujaandika

kijana_gemu: Mi nachomeka ikiwa imewaka miaka yote, tatizo haisomi tu mpaka urestati. Na kwa gemu PS/2 ndo baba, ukibonyeza inaikatiza prosesa saa hiyohiyo, USB inasubiri iulizwe

Volti5: Kibodi za gemu za sasa zinaulizwa mara 1000 kwa sekunde, kidole chako ndo kitajua tofauti?

Mama_Sakiti: Bisibisi, bosi alisemaje?

dogo_chipu: Si anunue adapta tu ile ya USB kwenda PS/2

Bisibisi: Ile ya bei chee ndani ni waya mtupu, kibodi yenyewe isipojua lugha zote mbili, ya USB na ya PS/2, hupati kitu. Bosi aliuliza mbona nimechafua meza

Mama_Sakiti: 😂😂

Kebo_ndefu: Type-C nayo isikuzuzue. Niliunga laptopu na monita kwa waya mzuri kabisa, giza. Kumbe waya wa kuchajia, data yake USB 2.0, 480 Mbps basi, picha haipiti. Kwa macho zote sawa

Volti5: Na kama mausi yako haina waya, kile kipokezi usikiweke jirani na poti ya USB 3.0 yenye flashi, inapiga kelele ya mawimbi kwenye 2.4 GHz, masafa yaleyale ya mausi, inaanza kurukaruka

Mzee_wa_Waya: Sasa mimi ninunue ipi?

dogo_chipu: USB

Bisibisi: Yenye PS/2

Kebo_ndefu: Yenye zote, na printa mbovu usiitupe, huwezi jua chini yake kuna nini