Naomba ushauri: dhahabu kwenye sarafu za shaba za Aksum

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la Aksum, ufalme wa kale katika Ethiopia na Eritrea ya leo, nimekwama kwenye sarafu. Tangu mfalme Endubis, karne ya 3 BK, walitengeneza za dhahabu na fedha, na baadaye za shaba. Za dhahabu karibu zote zina maandishi ya Kigiriki, hivyo huwa nafundisha kwamba zilikuwa za biashara ya nje kupitia bandari ya Adulis, na shaba ni ya sokoni. Sasa mwanafunzi mmoja kaona picha ya sarafu ya shaba iliyotiwa dhahabu kidogo katikati ya msalaba. Kaniuliza kwa nini, nikabaki natabasamu tu.

Vitabu nilivyonavyo vinaitaja sifa hiyo na kupita. Je, dhahabu ile iliongeza thamani ya sarafu, au ilikuwa pambo la heshima? Na kama ni pambo, maelezo yangu ya "dhahabu kwa wageni" bado yanasimama?