Ndege ya kujiundia: nipulize rangi au nivalishe vinaili?

bawa_moja
Wakuu habari zenu. Ndege yangu ya viti viwili imebakiza sura tu, bodi yote alumini, mabawa yana riveti zilizozama na huku nyuma kuelekea mkia nimetumia zile za kichwa cha duara, praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya chini, nimeshapuliza nje kote. Sasa kwenye rangi ndo nimekwama, sina chumba cha kupulizia, vumbi linaingia kila upande, halafu mwenzangu mmoja akanishauri nivalishe vinaili, ile plastiki nyembamba yenye gundi, kama wanavyovalisha magari, anasema naweza kuifanya mwenyewe kipande kwa kipande ndani ya banda. Nimeipenda hiyo habari lakini gari haliendi kilomita 250 kwa saa kwenye mvua. Aliyewahi kufanya aniambie ukweli, inashika? Na uzito je?

riveti_426
Mkuu hongera kwa kufika hapo, miaka ya kazi hiyo. Mimi nimevalisha yangu na inaruka, nakupa nilichojifunza.

Inashika, shida kubwa ni kingo. Upepo ukipata mdomo wa kuingilia utaibandua kidogo kidogo mpaka siku unatua unakuta kipande kinapepea. Kwa hiyo anza nyuma, uende mbele, kila kipande cha mbele kilalie cha nyuma yake kama mabati ya paa. Kwenye bawa usikubali kabisa maungio yakae pale mbele panapopasua upepo, tumia kipande kimoja kianze chini ya bawa, kizunguke pua, kiende juu mpaka nyuma ya sehemu nene. Tena bawa likiwa la aina inayotegemea hewa ipite bila kuvurugika, hata ngazi ndogo ya ukingo pale mbele inavuruga hewa.

Vinaili chukua ya kasti, yaani iliyomiminwa ikakauka, ile ya bei ya chini inayobanwa kwenye roli inajikunja na kurudi nyuma baada ya muda, kingo zinaacha mstari wa gundi. Riveti za kichwa cha duara zinataka subira, unapitisha juu kwanza, unatoboa kwa sindano pembeni ya kichwa hewa itoke, unapasha moto kidogo halafu unazungusha brashi ngumu mpaka ikumbatie kichwa. Sehemu yoyote uliyoivuta ipashe tena mwishoni mpaka nyuzi 90 na kitu ili isahau umbo lake la zamani, usipofanya hivyo itainuka.

Na hili naomba ulisome mara mbili: USIKATE KWA KISU JUU YA BODI. Mimi nilikata hivyo karibu na mlango wa tangi, mkono mwepesi kabisa nikaamini sijagusa chuma. Mwaka uliofuata nilipobandua kile kipande nikaona mstari mwembamba kama unywele, nikapitisha ukucha ukakwama. Bati la alumini la milimita 0.6 ukishalichora hivyo umeupa ufa mahali pa kuanzia, na ndege inatetemeka muda wote. Ilibidi nitoe paneli nzima niweke nyingine. Kuna tepu ina uzi ndani, unaibandika kwanza pale unapotaka kukata, vinaili inapita juu, halafu unavuta uzi unapasua vinaili kutoka chini kwenda juu, wembe haukaribii bodi kabisa. Tumia hiyo.

kaboni_na_gundi
Naongezea kwa wenye fibaglasi wanaosoma hapa, maana yeye ni alumini. Epoksi nyingi zinazoshikilia fibaglasi, zilizokauka kwa joto la kawaida, zinaanza kulegea kwenye nyuzi 60 mpaka 80 hivi, sasa wewe ukija na mashine ya hewa moto ya nyuzi 90 unapika bawa lako. Na rangi za giza zisahau, ndege za aina hii zinapakwa nyeupe kwa sababu jua peke yake linatosha kuzipandisha joto, vinaili nyeusi ni hatari ileile.

bawa_moja
Asanteni sana ndugu zangu, hapo kwenye kisu nimeshtuka maana nilikuwa nimeshanunua wembe boksi zima. Uzito hakuna aliyegusa, na pia nauliza eleroni (vile vipande vinavyocheza nyuma ya bawa) na eleveta (vya mkiani) nazo nivalishe?

mama_hanga
Uzito piga hesabu mwenyewe mwanangu. Vinaili ya unene wa mikroni 100 pamoja na gundi yake weka gramu 150 kwa mita ya mraba, ndege kama yako ikiwa na mita 40 za nje ni kilo 6 na maungio yanaongeza kidogo. Rangi nayo inaweza kufika hapo au kupita, inategemea mkono wa anayepuliza, kwa hiyo usivalishe ukidhani unapunguza uzito. Ukimaliza ipime upya ndege nzima na uandike.

Eleroni, eleveta na usukani wa mkia ndo roho yangu inapokaa. Vile vinasawazishwa kwenye bawaba, na karibu kila unachobandika kinakaa nyuma ya bawaba. Gramu 100 ikikaa sentimita 20 nyuma, na kipande chako cha madini ya risasi cha kusawazisha kiko sentimita 10 mbele, unahitaji gramu 200 za risasi kuirudisha. Ukiacha hivyohivyo, kwenye mwendo fulani kile kipande kinaanza kupigapiga chenyewe na mkia unaweza kung'oka kwa sekunde chache. Mimi huvipaka rangi nyembamba, navitoa, nasawazisha upya. Ukivalisha pia sawa, ila sawazisha BAADA ya kuvalisha, na kipande cha vinaili kikianza kubanduka angani punguza mwendo taratibu utue.

Paka rangi pia kuzunguka mdomo wa tangi maana petroli inalegeza gundi, na nyuma ya ekzosi. Vitundu vya hewa vya vipimo, vya kutolea maji na pumzi ya tangi vihesabu kabla ya kuanza na uvihesabu tena ukimaliza. Cha vipimo kikifunikwa utasoma mwendo wa uongo.

riveti_426
Mama kamaliza. Mimi naongeza ukaguzi: riveti iliyolegea huwa inaacha alama nyeusi kama moshi nyuma yake kwenye rangi, na ufa unapasua rangi unauona. Vinaili inavutika, inaficha vyote viwili. Kwa hiyo pale panapobeba mzigo mkubwa, mzizi wa bawa na miguu ya kutulia, mimi niliacha praima na rangi tu. Juu ya bawa nako usitegemee miaka mingi kama ubavuni, sehemu iliyolala inakula jua zaidi, hata watengenezaji wanaipa muda mfupi.

bawa_moja
Basi nimeamua, bodi na mabawa vinaili, sehemu zote zinazocheza rangi. La mwisho, praima yangu ina wiki mbili, naweza kuanza?

mama_hanga
Usianze na bawa. Valisha mlango mmoja mdogo wa ukaguzi, uweke juani siku kadhaa. Ukiona vipovu vidogo vidogo vinatokea penye uso uliokuwa laini, praima bado inatoa pumzi, subiri. Halafu ubandue, praima ikitoka na gundi ujue haikushika bodi, hiyo irudie kwa msasa kabla ya chochote.