Fuwele za fosfoniamu zinapauka zikitolewa kichupani: nitumie anioni ipi?

Mwanafunzi_Lab3
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri. Nina bromidi ya heksiltrifenilifosfoniamu (gramu 427.4 kwa moli). Kwa daikloromethani na etha inatoa fuwele angavu, ila zikitoka kichupani tu zinageuka nyeupe kama chokaa. Nikiweka heksafluorofosfati badala ya bromidi, fuwele zinatulia, lakini kwenye eksirei florini zinaonekana kama wingu la mviringo. Nitumie anioni (ioni yenye chaji hasi) gani, na niibadilishe vipi?

Kimiani
Mkuu, matatizo yote mawili yanatokana na umbo la anioni. Kationi yako (ioni yenye chaji chanya) ina fenili tatu, yaani pete za kaboni sita, na mkia wa kaboni sita, wakati nusu kipenyo cha bromidi ni angstromu 1.96 tu. Bromidi hujibanza karibu na fosforasi, ikishikwa na hidrojeni za CH2 iliyo jirani. Pima umbali wa H hadi Br: ukiwa chini ya angstromu 3.05, mshiko upo. Lakini huko kwenye mikia panabaki mapengo, na daikloromethani ndiyo inayoyaziba. Ikivukiza, kimiani, yaani mpangilio wa ioni ndani ya fuwele, kinabomoka na fuwele inapauka.

Heksafluorofosfati ina kasoro iliyo kinyume. Inajaza nafasi vizuri, ila ni karibu tufe na uso wake wote ni florini, ambazo hushika hidrojeni kwa udhaifu. Haina pa kujishikiza, kwa hiyo inazunguka palepale.

Kabla ya kubadilisha chochote, jaribu bromidi hiyohiyo kwa asetonitrili na etha. Na usiiache fuwele ikauke: itoe pamoja na kiyeyushi chake, itumbukize kwenye mafuta, kisha moja kwa moja kwenye hewa baridi ya kelvini 100.

Mzee_wa_Fuwele
Mimi ningechagua tosilati, anioni ya salfonati yenye pete. Upande mmoja ina oksijeni tatu za kushika hidrojeni, upande mwingine pete bapa inayoweza kulala kando ya fenili. Ina mwelekeo, haizunguki ovyo.

Yeyusha mg 200 za bromidi (milimoli 0.468) katika mL 5 za asetonitrili. Ongeza tosilati ya fedha mg 131, yaani moli moja kwa moli moja, usizidishe: fedha inayobaki huweusha chumvi ikipigwa na mwanga. Funika chupa kwa foili, koroga saa mbili. Bromidi ya fedha ni laini mno, karatasi ya kawaida huipitisha. Tumia kichujio cha mikromita 0.2. Chukua matone machache ya mchujo, weka tone la nitrati ya fedha. Ukiona ukungu wa rangi ya maziwa, bromidi bado ipo.

Kisha mg 10 katika mL 0.5 za asetonitrili, kichupa kidogo ndani ya kikubwa chenye etha mL 3, nyuzi 4 za Selsiasi. Yakitokea matone ya mafuta badala ya fuwele, etha inaingia kwa kasi: funika kichupa cha ndani na utoboe kwa sindano.

Mwanafunzi_Lab3
Asante sana mkuu. Na iodidi je? Naweza kubadilisha kwa iodidi ya sodiamu katika asetoni?

Kimiani
Usifanye hivyo. Mabadilishano yasipokamilika, bromidi na iodidi hukaa sehemu ileile ya kimiani, nawe kwenye eksirei utaona kama atomi moja yenye elektroni pungufu kuliko iodini. Itengeneze moja kwa moja: trifenilifosfini g 1.00 na 1-iodoheksani g 0.89 katika tolueni mL 10, ichemke kwa kirejeshi (kipoza kinachorudisha mvuke chini) saa 24, kisha osha kwa etha. Eksirei iwe ya molibdenamu, kwa kuwa iodini hufyonza sana ile ya shaba.

Mzee_wa_Fuwele
Kuna watakaokushauri tetrafenilborati. Fuwele zake huja haraka, lakini fenili za anioni huvuta zile za kationi, na kationi zenyewe haziwezi tena kukumbatiana fenili kwa fenili. Kama unachotaka kujua ni kationi zinavyopangana, itakuficha jibu. Pia iepushe na asidi, inavunjika.

Data ya heksafluorofosfati usiitupe. Unapojenga muundo kwenye kompyuta, gawa florini katika nafasi mbili ambazo sehemu zake zina jumla ya 1, funga umbali wa P–F karibu na angstromu 1.59. Fuwele ikipasuka kwa baridi ya kelvini 100, rudia kwa 150 hadi 180. Ila chumvi hiyo usiipashe moto pamoja na asidi kwenye kioo: hutoa floridi ya hidrojeni.