Alberta inailipa Quebec kweli? Na zile dola 200 za wenye ulemavu zinaishia wapi?

Mchimbaji_wa_Edmonton

Wakuu, naombeni mwenye uelewa anisaidie kabla undugu haujavunjika.

Mimi niko hapa Kanada, Edmonton, jimbo la Alberta; binamu yangu yuko Gatineau, jimbo la Quebec, mto tu ndio unaomtenga na Ottawa, mji mkuu. Tukipigiana simu tunaanza na habari za watoto, mara tumeshafika kwenye mafuta. Kazini kwangu shifti nzima wimbo ni mmoja: Alberta inachimba, Quebec inakula. Nami nikampelekea binamu kama ulivyo, nikamwambia wanao wanalelewa chekechea kwa jasho letu. Akanijia juu. Eti mimi ni kasuku wa redio, Alberta haijawahi kuiandikia Quebec hundi hata moja, na bomba linaloshusha mafuta yetu hadi Burnaby, pwani ya magharibi, limejengwa kwa kodi yake yeye.

Kinachonichanganya zaidi ni habari ya jirani yangu. Ottawa, yaani serikali kuu, imeleta posho mpya ya wenye ulemavu, hadi dola 200 kwa mwezi, ilianza kulipwa Julai 2025. Lakini Alberta, ukiwa kwenye AISH, yaani msaada wa jimbo kwa wenye ulemavu mkubwa, serikali ya jimbo inapunguza dola 200 zilezile kwenye malipo yake. Mwisho wa mwezi mtu yuko palepale. Sasa jimbo tajiri kiasi cha kuilisha Quebec linagombania vipi dola 200 za mtu asiyeweza kufanya kazi?

Naomba hoja. Ushabiki wa vyama wekeni pembeni.

Kaka_Mississauga

Trudeau aliharibu, Carney aliyemrithi uwaziri mkuu ni yuleyule na suti nyingine. Alberta ijitenge tu yaishe.

MamaRitani

Huyo hapo juu ameombwa hoja akaleta kura yake. Tuendelee.

Mdogo wangu Mchimbaji, chukua karatasi yako ya mshahara ya mwezi uliopita uisome mstari kwa mstari. Utakuta kodi ya Ottawa, kodi ya Alberta, pensheni, bima ya kukosa kazi. Ukikuta mstari wa Quebec rudi hapa unitukane.

Kila Machi na Aprili nasaidia watu kufaili ritani, yaani fomu za kodi za mwaka, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Hamilton, Ontario, na swali lako halikosekani. Muuguzi wa Edmonton na muuguzi wa Hamilton wenye mshahara sawa wanakatwa kodi ya Ottawa sawasawa. Alberta inaonekana kutoa zaidi kwa sababu ina watu wengi walio katika umri wa kufanya kazi na wenye mishahara minene. Fedha hizo zinaingia mfuko mkuu wa shirikisho, na humo ndimo yanamotoka mengi: jeshi, pensheni za wazee, posho ya watoto, na haya malipo ya kusawazisha mapato ya majimbo, ambayo Ottawa huyapa majimbo yenye uwezo mdogo. Kwa hiyo binamu yako yuko sahihi kuhusu hundi. Serikali ya Alberta haitoi hata senti.

Malipo haya yalianza 1957, na tangu 1982 yamo ndani ya Katiba, kifungu cha 36. Kwa mwaka wa fedha 2025-26 ni kama dola bilioni 26.2, na Quebec peke yake inachukua bilioni 13.6. Ndiyo, zaidi ya nusu, na ndiyo namba inayopigiwa kelele redioni. Ambacho hawakwambii ni kwamba ukigawa kwa kichwa, mtu wa New Brunswick au wa Prince Edward Island anapata zaidi ya mara mbili ya mtu wa Quebec. Ontario yetu hii, iliyokuwa ikijiona mfadhili wa wote, iliingia foleni ya kupokea 2009 viwanda vya magari vilipoyumba. Alberta nayo ilikuwa inapokea hadi katikati ya miaka ya 1960.

Jambo moja watu hawalielewi kabisa. Hesabu haiangalii jimbo limekusanya nini, inaangalia lingeweza kukusanya nini kama lingetoza viwango vya wastani vya nchi. Nunua televisheni ya dola 1,000 hapo Edmonton, kaunta watakuambia 1,050. Binamu yako akinunua ileile Gatineau analipa 1,149.75, kwa kuwa juu ya asilimia 5 ya Ottawa kuna asilimia 9.975 ya Quebec. Alberta haina kodi ya mauzo ya jimbo. Ni uamuzi wenu na mna haki nao, ila hamwezi kuukataa mfereji huo wa fedha halafu mseme mmemalizwa na Quebec.

Hata hivyo wenzako wa shifti wana hoja moja nzito, na watu wa Montreal huwa hawapendi kuisikia. Hydro-Québec, shirika la umeme la jimbo la Quebec, inawauzia wakazi wake umeme kwa bei ya chini mno. Faida inayoonekana vitabuni inakuwa ndogo kuliko utajiri halisi wa yale mabwawa, kwa hiyo jimbo linahesabiwa kuwa na uwezo mdogo. Mafuta ya Alberta yanauzwa kwa bei ya dunia na yanaonekana yote. Hapo kuna upendeleo, nami nitausema hata mbele ya binamu yako.

Oktoba 2021 Alberta ilipiga kura ya maoni, kama asilimia 62 wakataka kifungu hicho kiondolewe. Hakuna kilichobadilika, na kisheria kisingeweza kubadilika kwa kura ya jimbo moja: yanatakiwa majimbo saba yenye angalau nusu ya watu wote. Aliyeitisha kura hiyo ni Jason Kenney, kiongozi wa Alberta wakati huo, na hesabu zinazotumika sasa ziliwekwa wakati Harper ni waziri mkuu wa nchi, Kenney akiwa humohumo serikalini. Siasa hizi bwana.

Dola 200 nitarudi kuzijibu, maji yanachemka jikoni.

FundiBomba

Mama, nakuheshimu, lakini umezungumza kama mtu ambaye hajawahi kuona Fort McMurray, mji wetu wa mafuta, ikinyamaza.

Bei ya mafuta iliporomoka kuanzia 2014. Makambi yalifungwa, watu walirudisha funguo za nyumba benki. Miaka hiyohiyo hesabu yako ya kusawazisha ilikuwa inatuita matajiri, kwa sababu inachukua wastani wa miaka mitatu, na miaka yenyewe ni ya nyuma. Umepoteza kazi leo, karatasi inasema juzi ulikuwa vizuri.

Na hasira yetu haikuanza juzi. Wazee wa huku ukiwatajia 1980 wanakunja uso, mwaka ambao Trudeau baba, waziri mkuu wa wakati ule, alileta Mpango wa Nishati wa Taifa, Ottawa ikaingiza mkono kwenye bei na mapato ya mafuta ambayo Katiba inasema ni mali ya jimbo. Ulifutwa na serikali ya Mulroney 1985. Kisha yakaja mabomba: Northern Gateway ilikataliwa na Ottawa 2016. Energy East ikafa 2017, meya wa Montreal wa wakati huo, Denis Coderre, akiwa ameipinga waziwazi. Keystone XL ikauawa na Biden wa Marekani siku yake ya kwanza ofisini. Tunaambiwa mafuta yetu ni machafu, lakini kodi inayotokana nayo ni safi?

Bomba la Burnaby analodai binamu: Ottawa ilinunua Trans Mountain 2018 kwa dola bilioni 4.5 kwa sababu mwekezaji alichoka na vikwazo. Upanuzi ukaishia kama bilioni 34. Vikwazo hivyo aliviweka nani? Si sisi.

Binamu_wa_Gatineau

Ndiyo, ni mimi. Amenitumia linki mwenyewe.

Fundi, pole kwa 2014, sisemi kwa kejeli. Lakini umeruka jambo. Tangu bomba lile lifunguliwe Mei 2024 uwezo wake umefika mapipa 890,000 kwa siku, na mafuta yenu yamepata njia ya Asia badala ya kumtegemea mnunuzi mmoja. Bilioni 34 zile zimebebwa na shirika la serikali ya nchi nzima, mimi nikiwemo. Mrabaha unaingia Edmonton. Mimi sidai asante, nadai tu msiniite mlaji.

Na chekechea: Quebec ilianza 1997 kwa dola 5 kwa siku, na tukaamua kulipa kodi kubwa ya mapato kuliko ninyi ili tuwe nayo. Leo hata Alberta mzazi analipa kiwango kimoja cha dola 326.25 kwa mwezi, kwa makubaliano na Ottawa. Binamu yangu analijua hilo vizuri, mtoto wake wa mwisho yuko humo.

Mchimbaji_wa_Edmonton

Hiyo ya mtoto ungeniachia 😅

Mvuvi_StJohns

Mkigombana Alberta na Quebec huwa mnatusahau wa Newfoundland. Mwaka 1969 tulitia saini mkataba wa Churchill Falls. Umeme unatoka Labrador, upande wa bara wa jimbo letu, Hydro-Québec inaununua karibu wote, na bei ilikuja kushuka hadi senti 0.2 kwa uniti. Rudia kusoma: sehemu ya tano ya senti moja. Mkataba mwisho wake 2041. Desemba 2024 waliweka saini makubaliano ya kuandika mpya, lakini nyumba nyingi huku jina Hydro-Québec bado linaharibu chakula mezani. Kwa hiyo Binamu, ule umeme wenu wa bei rahisi unajua ulikotoka.

Binamu_wa_Gatineau

Hilo sina jibu. Nami nisingekubali kama ningekuwa kwenu.

MamaRitani

Nimerudi. Mvuvi, umenifurahisha. Fundi, la wastani wa miaka mitatu ni kweli na linauma, sikatai.

Sasa dola 200. Mchimbaji anauliza kama suala la utajiri, mimi naliona kama suala la kamba za Ottawa kukatwa zamani. Kuanzia 1966 Ottawa ilikuwa inalipa nusu ya gharama za msaada kwa maskini katika kila jimbo, na kwa kulipa nusu ilikuwa na sauti: mwenye shida lazima asaidiwe, na akikataliwa awe na haki ya kukata rufaa. Mwaka 1996 Paul Martin, akiwa waziri wa fedha anayepambana na nakisi, akafunga mpango huo, majimbo yakaanza kupewa fungu la jumla. Kwa upande wa matibabu masharti yalibaki, Sheria ya Afya ya 1984 ipo hadi leo. Kwa msaada wa maskini likabaki sharti moja tu, kwamba jimbo lisimnyime mtu kwa sababu hajakaa pale muda fulani. Basi. Kima cha msaada, nani akatwe, kwa kiasi gani, ni juu ya jimbo.

Ndiyo maana hapa Ontario mtu mmoja asiye na kazi anapewa dola 733 kwa mwezi kwenye Ontario Works, msaada wa jimbo kwa maskini, kiasi hichohicho tangu 2018, na Ottawa haiwezi kufanya lolote. Chumba cha 733 hapa Hamilton kitafute unionyeshe.

Kukata nako si uvumbuzi wa Danielle Smith, kiongozi wa Alberta. Nyongeza ya watoto wa familia maskini ilipoanza 1998, majimbo mengi yaliwapunguzia familia zilizo kwenye msaada, Ontario ikiwemo, tena kwa ridhaa ya Ottawa. Posho mpya ya watoto ilipokuja 2016 majimbo yakakubali kutoigusa. Kwa hiyo inawezekana kabisa jimbo kuacha hela ya mtu ipite. Serikali ya Alberta inajitetea kwamba AISH, dola 1,901 kwa mwezi kwa mwaka 2025, ni kubwa kuliko misaada ya namna hiyo ya majimbo mengine. Ni kubwa kweli. Lakini Bunge la shirikisho lilitoa dola 200 ili ziingie mfukoni mwa mwenye ulemavu, na kwa mtu wa AISH zinapunguza bili ya hazina ya jimbo. Ukitaka fedha ya shirikisho iliyobadilishwa njia na jimbo, Mchimbaji, hiyo hapo mlangoni kwa jirani yako, huna haja ya kuitafuta Quebec.

FundiBomba

Hapo nakuunga mkono, Mama. Nilimpigia kura Smith na ningempigia tena kwa ajili ya bomba, hasa baada ya yeye na Carney kutia saini makubaliano ya nishati na bomba huko Calgary Novemba 2025. Guilbeault, waziri wa shirikisho kutoka Quebec, alijiuzulu uwaziri siku ileile, ujue kulikuwa na kitu. Ila kukata hizo 200 sikupendi.

Mchimbaji_wa_Edmonton

Asanteni. Jirani sasa afanye nini? Anasema kuijaza fomu ya zile 200 ni kuisaidia serikali tu, heri aiache.

MamaRitani

Asiache! Ili kupata zile 200 lazima kwanza awe na cheti cha nafuu ya kodi kwa wenye ulemavu, fomu T2201, daktari anajaza sehemu yake. Cheti hicho kina faida nyingine ambazo jimbo halizigusi. Kinamfungulia akaunti ya akiba iitwayo RDSP. Akiwa na kipato kidogo, Ottawa inaweza kumwekea humo hadi dola 1,000 kwa mwaka hata kama yeye hajaweka kitu, na akiweka chake inaongezea ruzuku hadi 3,500. AISH haiihesabu akaunti hiyo. Ana miaka mingapi? Mwisho wa kuwekewa fedha hizo ni mwaka anaofikisha 49.

Mchimbaji_wa_Edmonton

46.

MamaRitani

Basi fomu iwe kwa daktari wiki hii. Na mwambie adai na miaka ya nyuma, cheti kinaweza kurudishwa hadi miaka kumi.