Naomba ushauri: nipo US Army, PFC (askari wa ngazi ya tatu, E-3) wa stoo, nataka SPC (ngazi ya nne, E-4) kabla ya miezi 24 jeshini. Nifanyeje nionekane?

KijanaWaMuheza:

Wakuu habari za muda huu, wakubwa zangu shikamooni. Nipo jeshini huku Marekani, active duty, niliingia kwa green card ya bahati nasibu, MOS yangu (kazi niliyopangiwa) ni 92Y yaani stoo ya kombania. Nina miezi 14 tangu niape, cheo PFC.

Shida yangu ni hii. Kuna mwenzangu tumefika kitengoni karibu wakati mmoja, kazi hanizidi, kukimbia namwacha mbali, ila nimesikia jina lake limeshapelekwa juu kwa ajili ya waiva ya SPC (ruhusa ya kupanda mapema) na mimi hakuna hata anayenitaja. Mimi nawahi kufika, natoka wa mwisho, sijawahi kuandikiwa kosa, sijawahi kumjibu NCO (sajenti) vibaya hata siku moja. Nyumbani nimelelewa kwamba chema chajiuza, nikajua nikifanya kazi yangu kimya kimya wataona tu. Mbona hawaoni?

Halafu nina diploma ya ugavi ya miaka miwili kutoka nyumbani, yule aliyeniandikisha akaniambia haina maana huku nikaingia kama E-1. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, nataka kufika mbali kwenye hili jeshi, mama anategemea na wadogo zangu wawili wapo sekondari.

Mstaafu_E7:

Marahaba mwanangu. Kwanza tuweke hesabu sawa maana vijana wengi wanalalamika bila kujua kanuni inasemaje. Kutoka PFC kwenda SPC bila waiva ni miezi 24 ya utumishi na miezi 6 ndani ya cheo cha PFC, inakuja yenyewe mfumo ukikuta huna flag (zuio kwenye rekodi) na kamanda hajaizuia. Kwa waiva ni miezi 18 ya utumishi na miezi 3 kwenye cheo. Sasa wewe una miezi 14, maana yake hujachelewa kitu, una miezi minne ya kujijenga kabla hata hujastahili. Huyo mwenzako kama mmeingia pamoja naye bado hajafika, jina linatajwa tu.

Waiva hazigawiwi kama chakula cha mchana, zinahesabiwa kwa batalioni kila mwezi na mara nyingi kombania inapata moja au haipati kabisa. Anayeamua ni kamanda wa kombania, kapteni. Lakini kapteni hawajui wote kwa undani, anamuuliza 1SG (first sergeant, sajenti mkuu wa kombania), 1SG anamuuliza sajenti wa platuni, na huyo anamuuliza NCO wako wa karibu, "nani yuko tayari?" Pale ndipo jina linatajwa au halitajwi, na inachukua kama dakika mbili hivi. NCO wako asipokuwa na mambo matatu ya kusema juu yako papo hapo, atasema "he's a good kid", basi, umeishia hapo. Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi, good kid hapandi.

Na kwa nini uhangaike na hii miezi sita? Kwa sababu saa ya kuelekea sajenti inaanza kuhesabu siku unavaa SPC. Ukanda wa pili (njia ya mapema) wa kwenda SGT, yaani sajenti, unataka miezi 18 ya utumishi na miezi 6 ukiwa SPC, kwa hiyo mwenye waiva anaweza kuwa anasubiri pointi za sajenti wakati mwenzake ndio kwanza anashona SPC. Hakikisha namba zote na S1 wako (ofisi ya rekodi za askari) maana kanuni ya vyeo 600-8-19 huwa inarekebishwa.

DadaMedic254:

Mstaafu amesema ukweli mtupu. Mimi ni 68W (medic), Mkenya, na hiyo ya "chema chajiuza" ilinikalisha sana. Sisi tumelelewa ukiongea na mkubwa unaangalia chini, unajibu kwa sauti ya pole, hujisifu, hiyo ndio heshima. Huku sajenti anaona mtu asiyemwangalia machoni na sauti haisikiki anaandika kichwani mwake "hajiamini, siwezi kumpa watu awaongoze". Na SPC ndio ngazi ya mwisho kabla ya kuongoza watu so wanakuangalia kwa jicho hilo.

Haimaanishi uwache adabu. Simama parade rest yako (miguu wazi, mikono nyuma) vizuri, mwangalie usoni, ongea kutoka tumboni. Nilikuwa nafanya mazoezi kwa chumba peke yangu nikisoma Creed ya NCO kwa sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Lafudhi yako usiifiche, ongea polepole tu, wanaelewa. Na kuna kitu kingine, ukipewa nafasi ya kuongoza PT (mazoezi ya mwili) au kufundisha darasa la dakika kumi juu ya kitu chochote, chukua, hata kama mikono inatetemeka. Wabongo na Wakenya wengi wanajificha nyuma ya formation wakati sajenti anauliza nani anataka. Mimi nilianza na darasa la kufunga tourniquet, kitu naijua hata usingizini, ndio 1SG alijua jina langu the first time na akaitamka vizuri.

Mtazamo_Mwingine:

Samahani wakuu mimi naona tofauti kidogo. Hayo mambo ya kunyoosha mkono kila saa na kujitangaza ndio yanafanya mtu achukiwe bweni zima. Nimeona jamaa alikuwa mbele mbele kwa kila sajenti, anawachoma wenzake kwamba fulani kachelewa, fulani kalala lindo, akapanda kweli, lakini alivyopewa watu wa kuongoza hakuna aliyemfuata. Bora uchelewe miezi sita ukae na heshima yako. SPC inakuja yenyewe.

StooKuu_92Y:

@Mtazamo_Mwingine hapo kuna vitu viwili umevichanganya. Kuchoma wenzako ni uchafu na NCO mwenye akili anaudharau hata kama anausikiliza. Kusema kazi uliyofanya ni kitu kingine kabisa.

Kijana nisikilize mimi nimefanya hiyo 92Y mpaka usajenti. Unalalamika huonekani wakati umekaa kwenye chumba ambacho kapteni anakihitaji kuliko ofisi yoyote! Kamanda wa kombania anasaini yeye binafsi mali yote ya kombania, magari, bunduki, miwani ya usiku, redio, thamani yake mamilioni ya dola. Kikipotea kitu inafunguliwa FLIPL (uchunguzi wa nani alipe) na yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kapteni halali usingizi juu ya hiyo mali, naongea kitu nilichokiona. Sasa PFC anayejua kila serial iko wapi ni dhahabu kwake.

Fanya hivi. Hand receipt (karatasi za kusainia mali) ndogo zote za platuni, zipitie moja moja uone kama saini ni ya mtu ambaye bado yupo, maana utakuta nyingine imesainiwa na sajenti aliyehama mwaka jana. Ile hesabu ya kila mwezi ya sensitive items (kama bunduki na miwani ya usiku) na ile asilimia kumi ya mali, usisubiri NCO wako akwambie, andaa karatasi kabla mwezi haujaanza, picha za vifaa na vipande vyake uziweke tayari ili luteni aliyepangiwa kuhesabu asikae masaa anauliza hiki ni nini. GCSS-Army (mfumo wa kompyuta wa mali) ijue mpaka watu wa vitengo vingine waje kukuuliza. Ukaguzi wa CSDP (nidhamu ya stoo) ukija na stoo ikatoka safi, hapo ndipo unamwomba NCO wako kwa heshima akuandikie AAM (medali ya mafanikio), au COA (cheti cha mafanikio) kama AAM ni kubwa kwa sasa. AAM inasainiwa na kamanda wa batalioni, kwa hiyo jina lako linafika kwa luteni kanali, na baadaye ukienda kutafuta sajenti ni pointi 10, COA ni 5. Na kabla hujaenda kuomba, kaa uandike mwenyewe: ulikuta nini, ukafanya nini, kikawaje, kwa namba. NCO ana watu wengi hakumbuki, msaidie akumbuke.

Kitengo kikibadilisha kamanda wakati upo hapo shukuru Mungu. Hesabu ya makabidhiano ni kila kitu mpaka kijiko cha jikoni, na kapteni mpya anaingia akiwa anakujua wewe kabla ya askari mwingine yeyote.

KijanaWaMuheza:

Dah @StooKuu_92Y umenifungua macho, hizo saini za watu waliohama zipo kweli kwetu na mimi nilikuwa naona sio kazi yangu kuzigusa. Na shikamoo @Mstaafu_E7, nimekuelewa mzee wangu. Swali: namwambiaje sasa sajenti wangu kwamba nataka hiyo waiva? Naona kama nitaonekana nadai cheo. Ni mtu mkali kidogo na haongei sana.

Mstaafu_E7:

Usidai cheo, omba njia. Kila mwezi anatakiwa akukalishe chini na fomu 4856 (ya counseling, mazungumzo ya tathmini), wengi hawafanyi kwa sababu ya shughuli, kwa hiyo mwombe wewe. Asubuhi moja baada ya PT mwambie, Sergeant, naomba ukipata nafasi wiki hii unifanyie counseling, nataka kuwa tayari kwa SPC nikifika miezi 18, nionyeshe nimepungukiwa wapi. Halafu nyamaza usikilize. Akikwambia mapungufu mawili yaandikwe kwenye fomu, msaini wote. Mwezi unaofuata unarudi na fomu ile ile, hili nimerekebisha, hili bado. Sajenti mkali asiyeongea ndiye anapenda hiyo zaidi ya wote, kwa sababu humpotezei muda. Na akiulizwa juu anayo karatasi mkononi, hatafuti maneno.

Soldier of the month ya kombania au batalioni nayo iombe. Hata ukishindwa umekaa mbele ya sajenti wa platuni zote wakakuuliza maswali. Ukikutana na swali hujui jibu, sema hujui kwa sasa utalitafuta, usibahatishe. Wanaobahatisha wanajulikana haraka sana.

MseeWaEldy:

Niaje kaka, wameongea poa, niongeze tu ya vitu zinapimwa. AFT (mtihani wa nguvu za mwili) sasa ni vitu tano, deadlift, hand release push-up, ile ya kukimbia ukivuta sled na kubeba kettlebell, plank na maili mbili. Jumla 500, na kupita ni 300 na usishuke 60 kwa kila moja. Wewe unasema unakimbia vizuri, sawa, sisi watu wa huku tunaringa na maili mbili halafu deadlift inatuangusha. Peleka hizo masaa kwa gym badala ya kuongeza mbio, mbio unayo tayari. Ukifika huko 450 hivi watu wanaanza kukuuliza unafanyaje, na hapo umeonekana bila kusema neno.

Bunduki ni shabaha 40, ukipiga 36 kwenda juu ni Expert. 92Y wengi wanaenda range mara chache na wanaridhika na 25, so ukitoka Expert kwa watu wa stoo 1SG anakumbuka. Wewe si ndio unashughulika na hizo siku za range kuleta vifaa? Omba upige pia, usiwe wa kubeba maboksi tu.

Na hiyo diploma yako usiitupe manze! Hata mimi waliniambia hivyo hivyo. Peleka transcript kwa shirika linalotambulika la kutathmini vyeti vya nje, ikirudi na semester hours (saa za masomo ya chuo) unaipeleka Education Center, inaingia kwa rekodi na inakupa pointi za sajenti. Wanaoandikishwa na hours 48 zilizotambuliwa wanaanza PFC, wenye digrii ya miaka minne wanaanza SPC moja kwa moja, hiyo kwako imepita lakini elimu yenyewe haijapita. Halafu ongeza na Tuition Assistance, jeshi inalipa hadi dola 250 kwa kila hour moja, hiyo pesa ukiacha hakuna mtu atakurudishia. Kama huna time ya darasa fanya CLEP (mtihani wa kupata hours bila darasa), ya kwanza kwa kila somo jeshi inalipia.

Uliza pia Education Center mambo ya DLPT ya Kiswahili. Kwa wengi wetu ni mtihani wa lugha tunaota nayo, na inaongeza pointi za promosheni.

Binti_Sgt_Mbeya:

Mimi nasema fupi. Angalia flag. Kufeli AFT, kuzidi uzito na mafuta ya mwili, kesi yoyote inayochunguzwa, ukipigwa flag hata kamanda akikupenda vipi cheo hakitoki mpaka iondolewe. Na wikendi kuwa makini na pombe na gari, DUI (kuendesha umelewa) moja imewazika vijana wazuri kuliko wewe. Gari za mkopo pale nje ya geti pia, kijana wa PFC anasaini riba ya ajabu halafu barua za madeni zinafika kwa 1SG. Nimewaona wawili wenye akili sana wakiishia hapo na inaniuma mpaka leo.

Pia ingia kwenye IPPS-A (mfumo wa rekodi za askari) mwenyewe uangalie rekodi zako. Mafunzo uliyofanya, cheti cha range, AAM, kama havipo mle havipo popote. S1 wana mamia ya watu, usiwasubiri.

Mtazamo_Mwingine:

@StooKuu_92Y nimekubali, nilikuwa nafikiria yule jamaa mmoja. Kijana ila wenzako wa ngazi yako usiwaache. Ukijua GCSS vizuri mfundishe na yule mwenzako anayetajwa, usimfanye adui.

KijanaWaMuheza:

Asanteni sana wote, sikutegemea majibu ya uzito huu. Nimeongea na sajenti leo baada ya PT kama mzee Mstaafu alivyonielekeza. Aliniangalia kama sekunde tano hivi akasema Alhamisi saa nane mchana, na nije na AFT yangu ya mwisho na kadi ya range. Hakusema kingine. Deadlift ndio iliyo chini, 71, na range nilipata 31. Zile hand receipt nimeanza jana jioni, platuni ya pili peke yake nimekuta tatu zenye saini za watu wasiokuwepo.

Moja la mwisho, uraia sijaomba bado, je hiyo inaweza kunizuia SPC?

StooKuu_92Y:

SPC haizuii. Lakini omba sasa hivi, bila uraia hupati clearance (kibali cha kuona siri), na kuna nafasi nyingi za baadaye zinaitaka, hata kwenda uofisa ukija kutaka. Chukua N-426 (fomu ya kuthibitisha utumishi) isainiwe kitengoni kwako, halafu N-400 (ombi la uraia) kwa wanajeshi haina ada. Na hizo receipt tatu usimpe sajenti zikiwa tatizo tupu, tafuta kwanza vifaa viko kwa nani sasa, andaa mpya zisubiri saini tu, Alhamisi uende nazo.

Mstaafu_E7:

71 na 31 ni mwanzo mzuri mwanangu. Targeti kwenye hiyo 4856 iandikwe 85 na 36. Ukitoka Alhamisi rudi hapa utuambie kasemaje.